Shukrani Haingoji Habari Njema

Mwezi wa Desemba umefika tena. Kwetu, katika vijiji vya mlima Kilimanjaro, huu ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi yanatoka Dar es Salaam yamejaa watu na mizigo. Watoto waliozaliwa mjini wanakuja kuwaona babu na bibi. Nyumba zinapakwa chokaa. Mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba anazidi kunenepa, wala hajui kwa nini.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya shukrani katika nyumba. Wengi wetu hushukuru tukiisha kupata. Mvua ikinyesha, tunashukuru. Mgonjwa akipona, tunashukuru. Hilo ni jema. Lakini je, mtu anaweza kushukuru kabla hajajua mambo yatakwishaje? Na je, tunawashukuru watu wa nyumbani mwetu, au tunamshukuru Mungu tu na kuwasahau wao?

Mimi nilijifunza mambo hayo siku ya Krismasi ya mwaka 1978. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Leo nitawasimulia.

SIKUKUU YA WAKATI WA BARIDI

Kwanza, tukumbuke kwamba desturi nyingi za Krismasi zilitoka nchi za baridi. Kwetu Desemba ni mwezi wa joto. Katika Ulaya ya kaskazini ni mwezi wa baridi kali na giza. Mchana ni mfupi. Kaskazini kabisa mwa Sweden jua halichomozi kwa majuma kadhaa.

Zamani mkulima wa huko hakuwa na kitu shambani mwezi huo. Ardhi ilikuwa imeganda. Ng'ombe walikuwa zizini wakila majani makavu. Watu walikula akiba ya ghalani. Miezi migumu ilikuwa bado iko mbele. Hata hivyo, waliwasha mishumaa, wakala pamoja, wakamshukuru Mungu. Hawakujua kama akiba ingetosha. Walishukuru hivyo hivyo.

Katika mji wa Hamburg, nchini Ujerumani, alikuwako mtu aliyeitwa Johann Hinrich Wichern. Alitunza nyumba ya watoto maskini. Watoto hao walikuwa wakimwuliza Krismasi itafika lini. Basi, mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake. Midogo ilikuwa ya siku za kazi. Minne mikubwa ilikuwa ya Jumapili. Kila siku waliwasha mshumaa mmoja zaidi. Nje giza lilizidi. Ndani mwanga nao ulizidi. Watoto walihesabu wenyewe, wakaona siku inakaribia.

Wamisionari kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Leo yako makanisa yetu yanayowasha mishumaa minne wakati wa Majilio, yaani majuma manne ya kungojea Krismasi. Mshumaa wa kwanza unawashwa wakati sikukuu bado iko mbali. Watu hawangoji ifike ndipo wawashe. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

DENI LA BATI

Sasa turudi nyumbani kwetu.

Mwezi wa Julai mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa mingi ya Brazil. Brazil ndiyo nchi inayolima kahawa nyingi kupita zote duniani. Kahawa ikapungua, bei ikapanda. Mwaka 1977 wakulima wa kahawa tulipata fedha ambazo hatukuwa tumezizoea.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka 19. Ndiye aliyefanya kazi kubwa katika kihamba chetu, yaani shamba letu la ukoo la migomba na kahawa. Alizibua mfereji usiku zamu yetu ya maji ilipofika. Alichuma, akamenya, akaosha, akaanika. Alibeba magunia mgongoni kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa na utelezi.

Fedha zilipolipwa, Baba alinunua mabati. Alibomoa paa la majani, akaezeka nyumba upya. Watu wakaja kutazama. Wakamsifu Baba. Baba akazipokea sifa zote. Hakusema neno juu ya kaka.

Jioni ile kaka alimwambia, "Baba, mimi sidai fedha. Lakini hata asante sikuisikia."

Baba alikasirika. Akajibu, "Kazi ya shamba la baba yako ni wajibu. Nani hushukuriwa kwa wajibu?"

Maneno yakawa mengi. Kesho yake kaka akaondoka, akaenda Arusha kutafuta kazi ya kupakia mizigo. Mwaka mzima hakurudi. Mvua iliponyesha juu ya bati, Mama alikuwa akinyamaza na kutazama juu. Baba aliona. Naye alinyamaza.

VITA VIKAFIKA

Mwishoni mwa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu. Yaliiteka sehemu iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe waliibiwa, nyumba zilichomwa moto. Taifa likaita vijana wake.

Kaka alijiunga na jeshi akiwa huko huko Arusha. Hakupita nyumbani kuaga. Alimletea Mama kipande cha karatasi kwa mkono wa mtu. Kilikuwa na maneno machache: "Mama, nakwenda vitani. Uniombee." Chini aliandika namba ya sanduku la barua. Jina la Baba halikuwamo.

Jirani yetu, mzee Mwislamu, alikuwa na mtoto wa kiume wa rika moja na kaka. Huyo naye alikwenda. Lakini yeye aliaga. Baba yake alimsindikiza mpaka barabarani.

Tuliishi na mzee huyo vizuri. Idi ya kuchinja ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka ule. Tulikwenda kwake, tukala. Krismasi ilipokaribia, Baba alimwomba aje atuchinjie mbuzi. Ndivyo tulivyozoea, ili pasiwe na mtu wa kushindwa kula nyama yetu.

SIKU YENYEWE

Krismasi ya mwaka 1978 ilikuwa siku ya Jumatatu. Sukari haikupatikana, tukanywa chai na asali kidogo. Mama alipika mtori, yaani ndizi zilizopondwa pamoja na nyama. Majirani wakaja. Mzee jirani alileta redio yake ili tusikilize habari. Tulisikia kwamba adui amefukuzwa katika ardhi yetu, lakini vita havijakwisha.

Mama aligawa chakula. Akajaza bakuli moja, akaliweka mbele ya kigoda ambacho hakikuwa na mtu. Kilikuwa kigoda cha kaka. Wote tuliona. Hakuna aliyesema neno.

Kwetu Baba ndiye aliyeomba kabla ya kula. Alisimama. Alishukuru kwa mvua. Alishukuru kwa uzima. Akataja watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Alipofika kwa mkubwa, sauti ilikatika. Tulisubiri. Mtori ulikuwa unapoa. Baba hakuweza kulitaja jina lile.

Mzee jirani akasema kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, wangu alipoondoka nilimshika mkono. Nilimwambia, asante kwa maji uliyonichotea. Asante kwa ng'ombe uliowachunga. Alicheka. Akaniuliza, baba, mbona leo unanishukuru kwa mambo ya kila siku? Nikamjibu, mambo ya kila siku ndiyo niliyoyala."

Kisha akasema, "Sijui kama atarudi. Mungu ndiye ajuaye. Ndiyo maana nilisema mapema."

Baba akatoka nje. Tulidhani amekasirika. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akarudi na jani la isale.

Wasomaji wa mikoa mingine, niwaeleze. Isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani. Sisi huupanda mipakani. Mtu aliyekosa akitaka kusamehewa, hupeleka isale kwa yule aliyemkosea. Aliyekosewa akiletewa isale, ni vigumu sana kukataa kusamehe. Na kwa kawaida mdogo ndiye anayempelekea mkubwa. Sisi watoto hatukuwa tumemwona baba akimpelekea mwanawe.

Baba aliliweka lile jani juu ya kigoda. Akasema, "Mungu, nakushukuru kwa mwanangu mkubwa." Akalitaja jina lake. "Bati hili ni jasho lake. Mimi sikumwambia. Kama yu hai, nipe nafasi nimwambie."

Ndipo tukala.

BARUA YA MAMA

Usiku ule Baba alisema barua iandikwe. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nikaenda haraka kuchukua kalamu. Mama alinizuia. Akasema, "Kaa chini. Hii nitaiandika mwenyewe."

Mama hakusoma utotoni. Alijifunza katika darasa la watu wazima, jioni, baada ya kazi za shamba. Katika jaribio la taifa la mwaka 1977 alifaulu. Lakini tangu hapo hakuwa ameandika barua hata moja. Alikuwa ameandika majina ya watoto wake na hesabu za kahawa tu.

Aliandika kwa muda mrefu. Kibatari kilikuwa karibu kuzimika. Baba alisema maneno, yeye akaandika. Nayakumbuka mpaka leo:

"Mwanetu mpendwa. Sisi ni wazima. Leo ni Krismasi. Baba anasema hivi. Asante kwa kahawa ya mwaka jana. Asante kwa mfereji wa usiku. Bati ni lako. Nilikosa. Isale hii ni yangu kwako. Mama anasema chakula chako kipo. Baba yako na Mama yako."

Basi. Haikuzidi hapo. Baba alikata ncha ya lile jani, akaitia ndani ya bahasha.

MIEZI YA KUNGOJA

Barua ilikwenda. Jibu halikuja.

Mwezi wa Januari mwaka 1979 majeshi yetu yaliingia Mutukula, upande wa Uganda. Jibu halikuja. Mvua za masika zilinyesha. Tarehe 11 Aprili mji wa Kampala ulitekwa. Watu walishangilia kijijini. Jibu halikuja.

Lakini kila jioni, katika miezi hiyo yote, Baba aliendelea kuomba vile vile. Alitaja jina la kaka na kushukuru. Hakusema, "Nitashukuru akirudi." Siku moja nilimwuliza, "Baba, unashukuru nini, na hatujui kama yu hai?" Alinijibu, "Nashukuru kwa miaka 19 niliyokaa naye. Hiyo haiwezi kuchukuliwa na mtu. Mengine namwachia Mungu."

Sikumwelewa siku ile. Sasa nadhani namwelewa. Kumshukuru Mungu wakati umeshapata ni adabu njema. Kumshukuru wakati bado hujui mwisho ni imani.

Vita vilikwisha mwezi wa Juni mwaka 1979. Habari ya kwanza kufika kitongojini kwetu ilikuwa ya mtoto wa mzee jirani. Alikuwa ameuawa. Wengi wa mashujaa wetu wa vita hivyo wamezikwa Kaboya, katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera.

Tulikwenda kukaa matanga. Baba alikaa karibu na mzee mwenzake siku zote. Hakuwa na la kumwambia. Mwisho mzee ndiye aliyesema. Alisema hivi: "Asante niliyomwambia haikumrudisha mwanangu. Sikusema ili arudi. Lakini leo ninalia kwa huzuni tu. Sili majuto juu ya huzuni."

Ndugu msomaji, naomba uyasome tena maneno hayo. Shukrani si biashara. Hatumpi Mungu asante ili atulipe tunachotaka. Baba wawili walishukuru. Mmoja alimpoteza mwanawe. Hatuwezi kusema kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Ilikuwa kubwa kuliko yetu, kwa maana ndiye aliyetufundisha.

Kaka alirudi mwezi wa Oktoba mwaka 1979. Alikuwa amekonda na alichechemea mguu wa kushoto. Alipofika uani, alimkuta Baba anapalilia migomba. Wakatazamana. Kaka alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho na mvua mpaka maandishi yamefutika. Ndani yake kulikuwa na kipande cha jani kikavu.

Akasema, "Baba, jibu nimelileta mwenyewe."

Baba alisema, "Karibu, mwanangu. Asante kwa kurudi."

Mama hakusema kitu. Aliingia jikoni. Tulisikia vyungu vinagongana.

TUFANYE NINI MWEZI HUU?

Baba alifariki mwaka 1994. Mama alimfuata mwaka 2006. Mabati yale yameingia kutu, lakini nyumba bado ipo. Kila Desemba tunakutana pale. Wapo Wakristo, wapo Waislamu, maana watoto wetu wameoana na wa upande wa pili. Kabla ya kula tunafanya jambo moja. Kila mtu anamshukuru mtu mmoja aliyepo, au aliye mbali, kwa jina na kwa kazi aliyoifanya. Halichukui muda mrefu. Ninyi pia mnaweza kulifanya, hata kama hamna mbuzi. Yashikeni mambo haya manne.

Kwanza, taja jina na taja kazi. Usiseme tu, "Nawashukuru wote." Sema, "Mke wangu, asante. Umeamka jogoo la kwanza mwaka mzima kuwasha moto." Sema, "Mwanangu, asante kwa kumwongoza bibi kwenda zahanati." Mtu akisikia kazi yake inatajwa, anajua kwamba ilionekana.

Pili, washukuru pia kwa yaliyo wajibu wao. Wako wazazi wanaosema, kama Baba alivyosema, kwamba wajibu haushukuriwi. Lakini nyumba inasimama kwa wajibu. Maji yasipochotwa siku mbili tu, utaona.

Tatu, usingoje. Siku hizi wengi wetu tuna simu. Kijana aliye mjini hutuma fedha, nasi tunajibu, "Imefika." Ongeza neno asante. Na kijana naye asitume fedha tu bila neno. Kama mna ugomvi, Desemba isipite. Aliye mkubwa asione haya kuanza.

Nne, usikope kwa ajili ya sikukuu. Januari watoto wanahitaji sare na madaftari. Mtori wa ndizi za shambani unatosha. Sikukha njema haipimwi kwa wingi wa nyama. Krismasi ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na sukari.

Wahenga walisema, asiyeshukuru kwa kidogo hawezi kushukuru kwa kikubwa. Mshumaa wa kwanza huwashwa wakati giza bado lipo. Basi, leo jioni, kabla hujalala, mtafute mtu mmoja nyumbani mwako. Mwambie asante kwa jambo alilolifanya leo.

Kama yuko mbali, chukua kalamu. Umejifunza kuandika. Mwandikie.

Nawatakia sikukuu njema na mwaka wenye amani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kaka aliondoka nyumbani? Je, alikuwa anadai fedha?

2. Mzee jirani alisema, "Mambo ya kila siku ndiyo niliyoyala." Alikuwa na maana gani?

3. Kwa nini Mama alikataa kuandikiwa barua na mtoto?

4. Katika nyumba yako, ni nani anayefanya kazi nyingi bila kushukuriwa? Mwandikie barua fupi yenye maneno kumi au zaidi.